Mipaka ilipofungwa, uaminifu ndio uliovusha mizigo

Na Mwandishi Wetu, Masuala ya Kikanda

MACHI 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia katika ukanda huu, mipaka ilifungwa kwa watembea kwa miguu. Malori ya mizigo yaliendelea kupita, lakini mama aliyezoea kutoka Gisenyi kwenda Goma na beseni la nyanya kichwani alibaki upande wake. Beseni hilo ndilo lilikuwa mtaji wake wote, na nyanya hazisubiri.

Wengi waliopata njia waliipata kwa kuungana. Kati ya Rwanda na Kongo, wafanyabiashara wadogo walijipanga katika vikundi, wakakusanya mizigo yao katika gari moja na kuipeleka kwa pamoja. Upande wa pili wenzao waliipokea, wakaiuza, na fedha zikarudi kwa wenyewe. Mwenye mali hakuwepo kuhesabu wala kupatana bei.

Ndugu mfanyabiashara, hebu jiulize: mpaka ukifungwa kesho, utamkabidhi nani mzigo wako? Ukiwa na jina la mtu wa kumpigia simu, basi una akiba ambayo haipo benki. Na mara nyingi akiba hiyo ilianza siku wewe au yeye alipomsaidia mwenzake bila kudai malipo.

Kusaidiana huzungumzwa sana kama jambo la dini au la malezi mema, na ni kweli. Lakini mpakani, ambako sarafu, sheria na lugha hubadilika ndani ya hatua chache, wema ndio unaowafanya watu wasiofahamiana waanze kuaminiana. Uaminifu huo hauwezi kutafutwa siku ya shida. Hujengwa kabla.

Volkano haikuuliza uraia

Wakazi wa Goma na Gisenyi wanalijua hili kuliko wengi. Januari 17, 2002, mlima Nyiragongo ulilipuka na uji wa moto ukapita katikati ya mji wa Goma. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia, wengi wao wakivuka kuingia Rwanda. Mei 22, 2021, mlima huo ulilipuka tena usiku, na maelfu wakavuka wakiwa na watoto na magodoro.

Kulikuwa na misaada ya serikali na ya mashirika, lakini wapo waliopokewa majumbani na ndugu, marafiki na watu waliofahamiana nao sokoni.

Kupokea zamu, kuachia zamu

Mfano wa kila siku ni ule mchezo wa kuchangiana fedha. Wakenya huuita chama, Waganda nigiina, Watanzania upatu, Wanyarwanda ikimina na Wakongomani likelemba. Kila mmoja anatoa kiasi kilekile, na fungu lote linachukuliwa na mtu mmoja kwa zamu.

Ukiuangalia kwa haraka, ni hesabu tupu: unatoa ili upate. Lakini mchezo huu unasimama kwa sababu aliyepokea mwanzo anaendelea kuchangia hata baada ya kupata chake. Na mwenzao anapouguliwa na mtoto, aliyekuwa na zamu wiki hiyo anaweza kumwachia. Mtaji wa wiki ukiishia hospitali, biashara ndogo hufa. Anayeachia zamu yake huwa ameokoa biashara ya mwenzake, na kikundi kizima huona kwamba naye anastahili kuokolewa siku yake ikifika.

Watafiti nao wanasema

Mwaka 2008, jarida la Science lilichapisha utafiti wa Elizabeth Dunn wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, na wenzake. Waliwapa watu dola 5 au 20 asubuhi. Baadhi waliambiwa wazitumie kwa mahitaji yao, wengine wazitumie kwa ajili ya mtu mwingine. Jioni, waliotumia kwa ajili ya wengine ndio walioonekana kuwa na furaha zaidi, na wingi wa fedha haukuleta tofauti.

Wapo watakaosema hayo ni mambo ya walioshiba. Ndiyo maana matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 na Lara Aknin na wenzake yanatuhusu zaidi. Walilinganisha watu wa Kanada na wa Uganda, nchi ambazo vipato vyake havikaribiani, na wakaona jambo lilelile: aliyekumbuka fedha alizotumia kwa ajili ya mwingine alikuwa na furaha kuliko aliyekumbuka alizojitumia mwenyewe.

Msaada usiogharimu kitu

Si kila msaada ni fedha. Wafanyabiashara wengi wapya hawajui kwamba bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zenye thamani isiyozidi dola 2,000, zinaweza kuvushwa bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa kinachotolewa mpakani. Kodi nyingine na vibali vya afya vinaweza bado kuhitajika. Asiyejua hayo huishia mikononi mwa matapeli au hupita njia za panya, ambako anaweza kupoteza mzigo wote. Wewe unayejua unaweza kumwokoa kwa maelezo ya dakika tano ukiwa kwenye foleni.

Hata hivyo, wema una mipaka yake. Usikubali kuvusha mzigo wa mtu ambao hukuufungua na kuona kilichomo, hata akilia. Forodhani, aliyeshika mzigo ndiye anayeulizwa. Wala usimkopeshe mtu mtaji wote, kwani ukifilisika wewe, hamtabaki wawili wa kusaidiana.

Anza na kidogo. Mwonyeshe mgeni dirisha sahihi, mtajie bei halisi ya soko la ng'ambo, mwangalizie meza akienda kuswali au kunyonyesha. Kisha chukueni namba za simu.