Wazazi wa Mkonge ni Nani?

Sisi wa Handeni na Korogwe twaishi na mkonge kama wavuvi waishivyo na bahari. Toka Kabuku hata Ngombezi na Magunga mistari yake imenyooka mashambani, na sare na madaftari ya wengi wetu yamenunuliwa kwa fedha za katani. Lakini ni wachache wajiulizao mmea huu ulizaliwa na nani. Swali hili laonekana la mchezo, kumbe lina maana kubwa kwa wazee wetu waulimao. Kwa hiyo nimependa kulieleza hapa kwa kifupi.

Mkonge si mwenyeji wa nchi hii. Asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893 Dakta Richard Hindorf, Mjerumani, aliagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida, Marekani. Vingi vilikufa njiani. Vilivyopona vilikuwa 62 tu, navyo vikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani. Hao ndio mababu wa mashamba tuyaonayo.

Kila mwanafunzi ameuona mlingoti wa mkonge. Mmea hutoa maua mara moja tu maishani, kisha hufa. Maua hayo kwa kawaida hupukutika bila kuacha mbegu, na juu ya mlingoti huota vichipukizi. Kwa nini mbegu ni haba? Jibu limo katika kromosomu, yaani vijiuzi vidogo mno vilivyomo ndani ya seli, ambavyo hubeba jeni za urithi. Katika ukoo wa mkonge, seti moja ina kromosomu 30. Mmea wenye seti mbili, moja ya mama na moja ya baba, una kromosomu 60. Wataalamu walipohesabu kromosomu za mkonge wetu wa kale walikuta zapata 150, maana yake seti tano! Basi, mmea utengenezapo chavua hauna budi kuzigawa seti zake nusu kwa nusu. Mbili hugawika, nne hugawika. Lakini tano je?

Hiyo tano yatuonyesha pia njia ya kuwatafuta wazazi. Tuseme mzazi mmoja ana seti nne, naye hutoa mbili. Mwenziwe ana sita, naye hutoa tatu. Mtoto atapata tano. Ndiyo sababu mkonge wadhaniwa kuwa chotara. Mwaka 1982 Howard Scott Gentry, mtaalamu wa Kimarekani, alipendekeza aina mbili za Meksiko kuwa wazazi wake. Siku hizi wataalamu husoma DNA yenyewe. Katika mimea mingi itoayo maua, kloroplasti, zile chembe za kijani za majani, hurithiwa kwa mama peke yake, bali jeni za kiini cha seli hutoka kwa wazazi wote wawili. Ushahidi wa kloroplasti ukielekea aina moja, na wa kiini ukielekea aina mbili, hapo chotara ametambulikana.

Yuko chotara mwingine ambaye hatuna haja ya kumkisia, maana alizaliwa mkoani mwetu. Kazi ilianzia Amani, ikaendelea Mlingano, wilaya ya Muheza. Wataalamu walichanganya Agave amaniensis, mmea uliopewa jina la Amani mwaka 1933, na Agave angustifolia. Mtoto wao akachanganywa tena na Agave amaniensis. Kwa hesabu ya urithi, mjukuu huyo ana kadiri ya robo tatu ya mmoja na robo ya mwingine. Katika miche mingi iliyojaribiwa ukachaguliwa wa nambari 11648. Mkonge wa kale hutoa majani kama 200 hadi 250 maishani mwake. Huyu chotara aweza kupita 600. Mwaka 1963 alipelekwa China, akawa mkonge mkuu wa huko.

Sasa tuone faida ya elimu hii. Kichipukizi ni nakala ya mmea uliokizaa. Ugonjwa ukipata njia ya kuuingia mmea mmoja, umepata njia ya kuliingia shamba zima. Chotara 11648 hudhuriwa na ugonjwa wa kuoza, na pia na ule wa madoa ya majani ulioitwa kwa jina la Korogwe yetu. Nguvu mpya haitoki katika nakala, hutoka katika kuchanganya. Lakini mkonge wa seti tano ni mzito wa kuzaa. Ndiyo sababu wataalamu wale waliwaendea jamaa zake wenye kromosomu 60. Ajuaye ukoo wa mmea ndiye ajuaye nani aweza kuozwa kwa nani.

Kwa hiyo mimea ya aina mbalimbali inayotunzwa katika vituo vya utafiti tusiidhani pori tupu. Humo zimo kinga za kesho. Na mzee mwenye shamba na achukue vichipukizi vyake kwa mmea wenye afya tu, maana atakachokipanda ni mmea ule ule.