Mpaka wa Msitu na Mpaka wa Kilindi

Anayesimama Buyangu, upande wa kaskazini wa msitu wa Kakamega, huuona mpaka kwa macho yake: huku miti mirefu, kule mashamba ya mahindi na miwa. Shorobo mkubwa wa buluu, ndege aliyeenea tangu misitu ya Afrika Magharibi na Kongo, hapa yu karibu na kikomo chake cha mashariki. Binti wa shule mwenye daftari aweza kuandika: huku nimemwona, kule sikumwona. Kazi hiyo hiyo ikipelekwa katika vilindi vya bahari yetu huwa nzito mno.

Huko chini, mamia ya mita, yupo mnyama ambaye mitego ya wavuvi wetu haimfikii. Ukimtazama utadhani ni kambakochi mdogo, ila mkia wake umekunjwa chini ya tumbo na mikono yake ya mbele ni mirefu kupita kiasi. Kwa nasaba yu karibu zaidi na wale kaa wanaohamia makombe ya konokono. Aina zake ni nyingi, nazo hupambanuliwa kwa mambo madogo: miiba ya mgongoni, umbo la mwiba ulio baina ya macho, na macho yenyewe, ambayo kwa baadhi yao, wakaao gizani, hayana weusi wowote.

Mwezi Septemba 1933 meli ya Misri, Mabahiss, iling'oa nanga Aleksandria. Kiongozi wa wataalamu alikuwa Mwingereza, Seymour Sewell, lakini mabaharia walikuwa Wamisri, na miongoni mwa wataalamu walikuwamo Wamisri wawili, Hussein Faouzi na Abdel Fattah Mohamed. (Jambo hili husahauliwa mno, nami sioni sababu.) Meli ilivuta nyavu zake hadi maji ya Zanzibar, ikarejea Mei 1934. Kila kiumbe kilichohifadhiwa kilihitaji maelezo yake: mahali, tarehe, kina. Pasipo karatasi hiyo, kilichomo chupani ni mzoga tu.

Chupa zikangoja. Ripoti ya jamii hii ya wanyama ilitoka mwaka 1966, miaka 32 baadaye, na aliyeiandika ni mwanamke, Bi Nasima Tirmizi wa Karachi, Pakistani. Yeye hakuwamo melini. Alihesabu miiba, akalinganisha na maandishi ya waliotangulia, akathibitisha kila aina ilipatikana wapi. Kina mama wanaojua subira ya kutarizi kofia, tundu kwa tundu, wataielewa kazi hiyo upesi kuliko wengi wetu.

Hata hivyo, mpaka wa kiumbe wa kilindini katika vitabu mara nyingi ni mpaka wa safari za meli. Palipo na nukta kwenye ramani, wavu ulipita. Palipo patupu, huenda yupo tele, ila hakuna aliyetafuta.

Upungufu huu una uzito sasa. Tangu 2010 gesi imegunduliwa chini ya bahari kuu ya Tanzania, na visima vya mwanzo vikapewa majina ya Pweza na Chewa. Atakayeuliza kesho ni viumbe gani waliishi pale kabla ya kuchimbwa atahitaji ushahidi wa zamani, na sehemu yake imo katika chupa zile na karatasi zake.