Usiulize OCS Anataka Ngapi

Simu hulia Ijumaa jioni, na swali ni lile lile: "Wakili, kijana wetu ameshikwa. OCS anataka ngapi?" Yaani mkuu wa kituo cha polisi alipwe kiasi gani. Anayeuliza bado hajajua kosa ni lipi. Namba ya OB, daftari la matukio kituoni, hana. Pengine hata kituo chenyewe hana hakika nacho. Lakini mchango umeshaanza kwenye kundi la WhatsApp la familia, mjomba ametuma elfu mbili, na nje ya geti la kituo kuna jamaa anayesema anaelewana na maafande na atamaliza mambo kabla giza halijaingia.

Nimechoka kulijibu swali hilo kwa upole, kwa sababu linaumiza watu.

Pesa anayopewa jamaa wa getini si dhamana. Dhamana ya polisi ni hati. Mshukiwa anatia sahihi, peke yake au pamoja na mdhamini, kwamba atafika mahakamani tarehe iliyotajwa, na kwa makosa madogo anaweza kutoka bila kuweka hata shilingi. Polisi wakitaka pesa taslimu, hiyo ni amana: huandikiwa risiti rasmi, na mtu akihudhuria kesi yake hadi mwisho, hurudishiwa. Isiyo na risiti ni hongo. Na Sheria ya Hongo ya Kenya ya mwaka 2016 haimsubiri mpokeaji peke yake. Mtoaji naye anaweza kufungwa hadi miaka 10, au kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 5, au vyote viwili. Mama anayekwenda kumtoa mwanawe aliyeshikwa kwa kupiga kelele baa anajitia katika kosa zito kuliko la mwanawe.

"Lakini si alitoka?" Alitoka, ndiyo. Hana hati, hana tarehe ya mahakama, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliachiliwa wala kwa nini. Wiki ijayo afisa wa zamu nyingine anamshika kwa jambo lile lile, na familia haina karatasi ya kuonyesha. Tena sasa kituoni wanajua kwamba nyumba ile hulipa.

Ubaya wenyewe uko kwenye OB. Daftari hili liko kwenye meza ya mapokezi, na humo kila aliyeletwa huandikwa jina, saa na sababu. Aliyeandikwa lazima kutoka kwake kuelezwe. Ndiyo maana anayengojewa kulipiwa huwekwa ndani bila kuandikwa, na watu wa nyumbani huipokea habari hiyo kwa furaha: "Bado hawajamwandika, tuna nafasi." Hapana! Hiyo ndiyo habari mbaya kuliko zote. Mtu asiyeandikwa hamwezi kuthibitisha alishikwa saa ngapi, na akipigwa humo ndani, kituo kitasema hakikuwahi kumwona.

Juni 2016, wakili Willie Kimani, mteja wake Josephat Mwenda na dereva wa teksi Joseph Muiruri walitekwa walipotoka mahakamani Mavoko. Walifungiwa ndani ya kontena kwenye kambi ya polisi ya Syokimau, bila shtaka lolote. Wakili mzima, anayeijua Katiba, alibaki kuandika ombi la msaada kwenye kipande cha karatasi ya choo na kukitupa nje. Miili yao ilitolewa mtoni. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliwatia hatiani polisi watatu na raia mmoja. Wale watatu waliouawa hawakuwa wamelipiwa hongo na mtu. Nawataja kwa sababu hayo ndiyo yanayowezekana mtu akiwa mikononi mwa polisi nje ya maandishi, na familia inayolipa ili mtu wake asiandikwe inamweka huko huko kwa hiari yake.

Kuna pia wanaoniuliza kwa nini mhalifu atetewe. Aliyeko seli bado ni mshukiwa. Na hata aliyefungwa, Kifungu cha 51 cha Katiba kinamwachia haki zake zote isipokuwa zile ambazo haziwezekani kabisa akiwa kizuizini. Basi.

Kuhusu saa 24 ambazo polisi wamepewa kumfikisha mshukiwa mahakamani, hazikuwekwa ili wazimalize. Ni kikomo. Zikiisha Jumamosi, Kifungu cha 49 kinawapa hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata, yaani Jumatatu, na ndiyo maana bei hupanda Ijumaa. Lakini kituo kinaweza kutoa dhamana hata Jumamosi usiku.

Sasa fanyeni hivi. Nendeni kituoni wawili, ulizeni kosa na namba ya OB, andikeni saa. Ombeni dhamana kwa OCS mwenyewe, na akikataa mwulizeni sababu. Kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, halimweki mtu rumande. Mtoto asichanganywe na watu wazima. Mshukiwa ana haki ya kunyamaza na ya kuzungumza na wakili, kwa hiyo asitie sahihi maelezo asiyoyasoma. Kituo kikimkana, wakili aende Mahakama Kuu kuomba amri kwamba polisi wamlete mshukiwa mbele ya mahakama. Haki hiyo ya kuletwa mahakamani ni miongoni mwa nne ambazo Katiba imekataza kupunguzwa kwa hali yoyote. Akitoka ameumia, mpelekeni hospitali usiku huo huo, zitunzeni nguo alizovaa bila kuzifua, chukueni fomu ya P3 ya kuandikia majeraha na mpeleke malalamiko IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi. P3 haiuzwi, afisa akiwatajia bei, andikeni jina lake na namba yake ya kazi.