Umeme unaopita kwenye waya za kampuni ingine: bei ya njia inahesabiwa namna gani?

Ndugu memba wa koperative, toka sheria namba 14/011 ya tarehe 17/6/2014, SNEL haiko peke yake yenye ruhusa ya kuzalisha na kuuza umeme katika Kongo. Kwa hiyo mutambo wa maji unaweza kuwa wa kampuni moja, na waya zinazofika kwenye mashini yenu ya kusaga kuwa za kampuni ingine. Hapo munalipa vitu viwili: umeme wenyewe na njia yake, kama vile munalipa muhogo, kisha munalipa mwenye kamiyo.

Bei ya njia inatoka wapi?

Mwenye waya anajumlisha gharama zake za mwaka: deni la kujenga laini, matengenezo ya nguzo na kabini, mishahara. Kisha anagawanya kwa kilowati-saa zilizofika kwa wateja wote. Mufano: dola 54 000 kugawanya kwa 1 800 000 ni dola 0,03 kwa kilowati-saa moja.

Umeme unaopotea

Waya zinapata moto, na sehemu ya umeme inapotea njiani. Tuseme katika kila 100 zinazoingia, 90 ndizo zinafika. Mashini yenye kutumia kilowati-saa 18 000 kwa mwaka inaomba 20 000 zitoke kwenye mutambo:

- Umeme: 20 000 × 0,10 = dola 2 000
- Njia: 18 000 × 0,03 = dola 540
- Jumla: dola 2 540, ni kusema 0,141 kwa kilowati-saa

Mwenye kujumlisha 0,10 na 0,03 tu anangojea kulipa dola 2 340. Zile 200 zitamushitusha mwisho wa mwaka.

Mbele ya kutia sahihi, ulizeni:

1. Munalipa umeme kufuatana na kompteri ya kwenye mutambo ao ya kwenye mashini?
2. Umeme unaopotea umeisha kuingizwa katika bei ya njia? Kama ndiyo, kwenye mutambo mulipe 18 000 tu. Bila hivyo munalipa mara mbili.
3. Bei ni moja kwa wote, ao inafuata kilometa? Ikifuata kilometa, kijiji cha mbali kinalipa zaidi.
4. Kuko malipo ya kila mwezi hata kama mashini imesimama, mavuno yakiisha?

Mukitaka kulinganisha na mazutu, mutumie 0,141, si 0,10.