Usiku wa Kuamkia Venice

Muuguzi mmoja mzaliwa wa Kilifi, anayefanya kazi Leipzig nchini Ujerumani, hupanga likizo zake kwa kuhesabu usiku. Mchana haumsumbui. Mchana, anasema, unatembea kwa miguu, unajaza chupa kwenye bomba la mtaani, unanunua mkate na jibini dukani, unaketi bustanini na hakuna anayekudai. Kinachokula pesa Ulaya ni kulala. Kitanda kimoja katika chumba cha watu wanane, pamoja na mikoromo ya saba usiowajua, kimewahi kumtoa euro 35 mjini Vienna, na hapo msimu wa watalii haujapamba moto.

Basi halali mjini. Hulala njiani.

Nilimjua kwa sababu ya picha ya daftari. Mdogo wake anayeishi Mombasa alikuwa akinionyesha jambo jingine kabisa kwenye simu, picha ile ikapita, nikamwomba arudi nyuma. Ukurasa wa mistari, kalamu ya bluu: "Usiku wa kuamkia Alhamisi, Amsterdam–Vienna. Usiku wa kuamkia Jumamosi, Vienna–Venice." Kando ya kila mstari, mahali ambapo mimi ningetaja hoteli, pameandikwa namba ya behewa na neno moja: "juu".

"Juu ni kitanda cha juu," aliniambia nilipompigia, sauti bado nzito kwa zamu ya usiku. "Chumba kina vitanda sita, vitatu huku, vitatu kule. Cha chini kinakaliwa na kila mtu mpaka watu waamue kulala. Cha kati huwezi kuketi wima. Cha juu ukishapanda, hakuna anayekukumbuka. Begi naliweka kichwani, viatu miguuni, basi." Akisafiri peke yake huomba chumba cha wanawake watupu. Asubuhi mhudumu huleta mikate miwili midogo na chai, na hiyo chai anaihesabu kwenye bajeti kama mlo kamili. Hakutaka jina lake lichapishwe. Kazini kwake, alisema akicheka, wanaamini akiomba likizo huwa anaenda kupumzika.

Pasi anayotumia ni ya Interrail, ile iliyoanzishwa mwaka 1972 kwa vijana wasiozidi miaka 21, katika nchi 21, muungano wa kimataifa wa mashirika ya reli ulipotimiza miaka 50. Leo sharti la umri limeondolewa, ingawa vijana bado hupunguziwa bei, na nchi zimefika 33. Wanaoishi Ulaya ndio wanaoruhusiwa kuinunua, hata kama pasipoti yao ni ya Kenya. Sisi tulio huku tungenunua Eurail, ambayo ni kongwe zaidi, ya mwaka 1959. Pasi ya bei nafuu huuzwa kwa siku: siku nne za kusafiri ndani ya mwezi, kwa mfano. Na siku ya pasi huanza saa sita usiku.

Hesabu yake yote imejengwa juu ya hiyo saa sita. Ukipanda saa tatu usiku treni inayokwenda moja kwa moja, siku inayokatwa ni ile uliyopandia tu, hata ukishuka kesho yake asubuhi. Lakini ukibadilisha treni baada ya saa sita, siku ya pili imeungua. "Siku nne ukizipanga vizuri ni malazi manne," anasema. "Ukizipanga vibaya ni mawili, na mawili ya kulala kwenye benchi."

Kuna kitu hapo kilichoninasa. Kwa miaka mingi kanuni haikuwa hiyo. Aliyepanda treni ya usiku baada ya saa moja jioni aliandika kwenye pasi yake ya karatasi tarehe ya kesho. Jua likishazama, siku mpya imeingia. Pwani nani angehitaji kufafanuliwa hilo? Tarawehe ya kwanza husaliwa kabla mtu yeyote hajafunga, na harusi ya usiku wa kuamkia Ijumaa anayeifuata Ijumaa usiku atakuta maturubai yameshang'olewa. Wenye reli za Ulaya, bila kujua, walikuwa wanahesabu kama Lamu. Kanuni ile imefutwa na saa sita imerudi kutawala, lakini muuguzi wetu bado anaandika daftari lake kwa hesabu ya kwao.

"Nikimwambia mama 'Jumatano usiku' ataniuliza Jumatano ipi," anasema.

Nilimuuliza ni usiku gani hausahau, nikitarajia anisimulie Venice asubuhi, maji na makanisa. Akanitajia Nürnberg, mji ambao hakushuka hata mara moja katika safari ile.

Usiku wa manane, treni inayotoka Amsterdam na inayotoka Hamburg hukutana hapo. Kila moja ina mabehewa ya Vienna na mabehewa ya Innsbruck. Basi hukatwa zote mbili na kuunganishwa upya: ya Vienna na ya Vienna, ya Innsbruck na ya Innsbruck. Abiria wamelala. Yeye alikuwa macho, kama alivyozoea saa zile wodini. Alisikia minyororo, kisha mtikisiko mmoja mzito, kisha taa zikafifia. Behewa likasukumwa nyuma, likasimama peke yake relini kwa muda, halina kichwa wala mkia. "Nilichungulia nikaona behewa lililokuwa jirani yetu linaondoka na watu wake ndani. Mtu amelala, mdomo wazi, anakwenda zake."

Chumbani mwao alikuwemo kijana aliyekwenda behewa lile kupiga soga na wenzake, akapitiwa na usingizi hukohuko. Viatu vyake alikuwa ameviacha chini ya kitanda. Yeye akaenda Innsbruck. Viatu vikafika Vienna. Muuguzi alivikabidhi kwa mhudumu na hajui viliishia wapi. Tangu hapo huandika namba ya behewa daftarini kabla ya jina la mji.

Treni hizi nusura zife. Mwaka 2016 shirika la reli la Ujerumani liliachana na mabehewa yake ya kulala, na Waaustria wakazibeba kwa jina la Nightjet. Mabehewa yao mapya, yaliyoanza mwishoni mwa 2023, yana vijumba vya mtu mmoja mmoja vya kujifungia. Nilidhani angevipenda. "Mimi nafanya kazi hospitali, kaka. Droo za aina hiyo nazijua."

Hesabu yake, nakiri, hainiridhishi kote. Kitanda cha treni hulipiwa juu ya pasi, na bei yake hupanda kadiri watu wanavyogombania. Kuna usiku kinaipita ile hosteli ya Vienna. Anajua. Ndiyo maana hubana kwingine. Pasi humruhusu kuitumia Ujerumani, nchi anayoishi, siku mbili tu, ya kutoka na ya kurudi, na hata hizo huziponya: hutumia tiketi ya mwezi ya treni za mikoani, iliyoanza kwa euro 49 mwaka 2023 na kufika 58 mwaka 2025, akijikokota treni moja hadi nyingine mpaka Salzburg, upande wa pili wa mpaka. Luxembourg anaisifu kuliko Paris, kwa sababu tangu 2020 mabasi na treni zake ni bure. Na hashuki treni kabla hajaenda msalani, maana choo cha stesheni ni cha kulipia.

Jambo moja alilisema haraka akalipita. Akirudi kutoka Salzburg, askari huingia kukagua. Ujerumani ilirudisha ukaguzi mpakani hapo mwaka 2015. "Wanaomba kwa heshima. Ila wanaomba kwangu." Na wengine chumbani? Alinyamaza kidogo, akasema kibali chake cha kuishi hukiweka mfuko wa shati, asilazimike kufungua begi.

Sasa mdogo wake anataka kuungana naye. Yeye hana kibali, anahitaji viza ya Schengen: ada euro 90 tangu Juni 2024, bima ya euro 30,000, na ushahidi wa mahali atakapolala. Maombi hupelekwa kwa nchi atakayokaa muda mrefu zaidi. Dada mtu ameshampangia safari nzima daftarini, na nusu yake ni ya vitanda vinavyovuka mpaka gizani. Usiku unaoanzia Vienna na kuishia Venice ni wa Austria au wa Italia? Nimewauliza watu wawili wanaojaza fomu hizi kwa ujira mjini Mombasa. Mmoja alisema Italia, kwa kuwa ndiko anakoamkia. Mwenzake alicheka, akasema aandike hoteli.

Dada amekataa kabisa jambo la hoteli. Anataka aambatanishe tiketi za treni jinsi zilivyo, na namba za mabehewa. Mama yao yuko upande wa hoteli. Fomu bado haijapelekwa.