Saa ya Kompyuta na Saa Yetu

Kule Rapsu, Isiolo, karibu na Ikweta, jua huchomoza punde baada ya saa kumi na mbili, Januari hadi Desemba. Hesabu yetu ya saa huanzia hapo. Kompyuta haijui hayo! Mwanao ana mtihani saa mbili asubuhi. Akitega kengele kwa kuandika 2:00, itamwamsha saa nane usiku.

Watumiaji wa programu za saa huomba rangi mpya na milio. Sisi tuombe saa ya Kiswahili kwanza.

Kwa sasa, ongeza saa ya pili na uchague Buenos Aires, Ajentina, iliyo nyuma yetu kwa saa sita kamili. Saa mbili asubuhi itaonyesha 2:00. Tarehe yake usiifuate: hubadilika kwetu kukipambazuka.