Jiko la Mkaa Chumbani

Baridi ya Juni na Julai inapokaza Njombe, Makete na Limuru, jiko la mkaa huhamia chumbani. Limeshapikia chakula cha jioni, makaa yameiva, moshi umekwisha, na joto lililobaki linatosha kuwalaza watoto. Dirisha linafungwa, upenyo wa chini ya mlango unazibwa kwa kitambaa. Wapo ambao hawaamki.

Moshi wa kuni una madhara makubwa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Lakini moshi huwasha macho na kukohoza, na mtu hutoka nje. Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu, wala haiwashi.

Hewa hii hutokea mkaa unapoungua bila oksijeni ya kutosha. Vile vindimi vya buluu vinavyocheza juu ya makaa ni kaboni monoksaidi yenyewe ikiungua. Vikizimika haina maana imekwisha. Sasa inatoka mbichi na kusambaa chumbani. Ndiyo maana jiko lililotulia, makaa mekundu yamefunikwa na majivu, lile ambalo wengi huliamini, naliogopa kuliko lote.

Ikishavutwa, hung'ang'ania hemoglobini kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu inazunguka kama kawaida, ila haina cha kuupa ubongo wala moyo. Kwa mjamzito hatari ni ya watu wawili, kwani damu ya mtoto aliye tumboni huchelewa zaidi kuiachia.

Kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili unalegea: kwetu mtu akisikia hivyo huwaza malaria. Ulizeni kwanza. Je, ana homa? Kuna wengine nyumbani walioamka vilevile? Akikaa nje anapata nafuu? Wahudumu wenzangu nao wajihadhari na kile kifaa cha kubana kidoleni, maana hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu hii. Kinaweza kuonyesha namba nzuri kwa mgonjwa aliye mahututi.

Ukimkuta mtu amezidiwa, fungua mlango, mtoe nje upesi, kisha mkimbize hospitali. Akivuta hewa ya kawaida, huchukua saa nne hadi tano kiasi cha sumu damuni kupungua kwa nusu. Kwa oksijeni safi ya barakoa, ni kama saa moja na nusu. Maziwa ambayo watu hukimbilia kumnywesha hayaiondoi, na aliyepoteza fahamu yanaweza kumpalia.

Tanzania imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia. Ni lengo jema na ninaliunga mkono. Hata hivyo, katika nyanda za juu jiko la mkaa ni la kupikia na la kuota pia, na familia iliyopewa mtungi wa gesi inaweza kuendelea kuwasha mkaa usiku kwa sababu ya baridi. Mpango unaoishia kwenye sufuria haujawafikia watu hawa. Wanahitaji pia dari, kuta zisizopitisha upepo na blanketi nzito za kutosha watoto wote.